Mgeni wa Siku ya Tatu

Likitajwa neno utamaduni, mawazo ya wengi wetu hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula vya jadi na michezo ya kuigiza. Hayo yote ni utamaduni, wala hatuna nia ya kuyapunguzia heshima. Lakini namna watu wanavyomkaribisha mwenzao, mahali wanapomketisha, na kile wanachomkabidhi mkononi baada ya kumketisha, navyo ni utamaduni. Tena ni sehemu yake ambayo haiwezi kupelekwa jukwaani siku ya sherehe. Katika insha hii tunataka kuzungumza juu ya ukaribisho wa namna hiyo, yaani ule wanaopewa watu wenye ulemavu katika usharika wa kanisa. Tutasema hasa yale tuliyoyaona, na tuliyoyatenda sisi wenyewe, katika usharika mmoja wa mashambani huko Ugogo, mkoani Dodoma, ambako tulifundisha shule kwa miaka mingi na kuwa mmoja wa wazee wa kanisa.

Ugogo ni nchi kavu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, na mara nyingi maji ya kumnawisha mtoto uso hugombewa na maji ya kunywa na ya kupikia. Kwa sababu hiyo ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao wengi huuita vikope, ulienea sana katika vijiji vyetu. Ugonjwa huu huambukizwa kwa mikono, kwa nguo za kujifutia uso na kwa nzi. Mtu akiupata tena na tena tangu utotoni, upande wa ndani wa kifuniko cha jicho huingia makovu, kifuniko hujikunja kuelekea ndani, na kope huwa zinalikwaruza jicho kila anapopepesa, mpaka nuru inazimika. Basi haikuwa ajabu kwamba katika usharika wetu walikuwamo wazee kadhaa wasioona. Ajabu ilikuwa pale tulipowaketisha.

Palikuwa na benchi moja karibu na mlango, upande wa kushoto mtu anapoingia. Benchi hilo liliitwa benchi la wahitaji. Walikaa hapo wazee wasioona, mama mmoja aliyepooza miguu kwa ugonjwa wa polio tangu utoto wake, na wengine waliokuja na kuondoka. Kwa haki ya Mungu lazima tuseme kwamba benchi hilo halikutengenezwa kwa ubaya. Lilitengenezwa na fundi wetu seremala kwa kujitolea, likawekwa mlangoni ili wasiopenda msongamano waingie na kutoka bila kusukumwa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, kila aliyeketi hapo alipewa kipande cha sabuni na kibaba cha unga. Tulijivuna kwa jambo hilo. Mgeni kutoka usharika mwingine akija, tulimwonyesha benchi lile kama vile mtu anavyoonyesha zizi lililojaa.

Jumapili moja ya mwaka 1996 zamu ya kupitisha mfuko wa sadaka ilikuwa yetu. Tulianza mbele, tukapita kila safu, na tulipofika mlangoni tukalipita benchi la wahitaji kama ilivyokuwa kawaida ya wote waliotutangulia katika kazi hiyo. Mzee mmoja asiyeona, msusi wa vikapu, akanyosha mkono. Tukadhani anaomba. Tukamwinamia, tukamnong'oneza, "Subiri kidogo, Mzee, sabuni zitagawiwa baada ya ibada." Hakusema neno. Aliufungua mkono wake, na kiganjani mlikuwa na sarafu mbili.

Tuliona, na bado tukapita. Ni vigumu kueleza kwa nini. Nadhari za watu zilikuwa juu yetu, wimbo ulikuwa unakwisha, miguu ilikwisha kuzoea njia yake. Baada ya ibada tulimkuta amebaki peke yake pale pale.

"Mwalimu," alisema, "mfuko huu nausikia kila Jumapili kwa miaka saba. Sarafu zinalia kule mbele, zinalia katikati, zikifika hapa zinanyamaza, halafu zinaanza kulia tena upande wa akina mama. Hivi cha kipofu hakipokelewi?"

Tulimwomba radhi. Akatujibu kwamba radhi atatupa akishatoa sadaka yake kwanza, kwa kuwa hakuja kanisani kupokea radhi. Basi tukaenda kwa mtunza hazina, ambaye alikwisha kumimina fedha mezani na kuanza kuzihesabu, tukaukung'uta mfuko mtupu na kuurudisha mlangoni. Mzee akaupapasa mpaka akapata mdomo wake, akatumbukiza sarafu zake moja moja. Mtunza hazina alinung'unika kwamba hesabu imeharibika, na kwa hakika ilikuwa imeharibika tangu miaka saba nyuma.

Wazee wetu wana methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika maandishi yake juu ya Ujamaa ya mwaka 1962, kuonyesha kwamba katika jamii yetu ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Wengi huichukua kuwa ni kemeo kwa mgeni mvivu, nasi shuleni tuliwafundisha wanafunzi hivyo hivyo mwaka hata mwaka. Baada ya siku ile tuliiona methali hiyo kwa upande wake wa pili, kwamba inamkemea pia mwenyeji. Jembe lile ndilo linalomtoa mtu katika ugeni. Mwenyeji anayemlisha mtu siku ya tatu, na ya kumi, na ya mia, bila ya kumkabidhi jembe, anamwambia kwa upole kabisa kwamba hapa si kwake. Benchi letu lilikuwa limewaweka wenzetu katika siku ya pili kwa muda wa miaka.

Tena makanisa yetu hayawezi kusema kwamba hayakujua. Shule ya wasioona ya Buigiri, ambayo iko katika mkoa huo huo wa Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, kabla nchi haijapata uhuru. Katika miaka ya 1960 Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora, na Walutheri wakaanzisha shule ya wasioona Irente, Lushoto. Maelfu ya watoto wamepata elimu kwa njia hiyo, na wengine wamekuwa walimu wa walimu. Lakini kijana aliyesoma nukta nundu katika shule ya kanisa, aliporudi nyumbani likizoni, alielekezwa kwenye benchi la mlangoni na kanisa lile lile. Louis Braille, Mfaransa aliyebuni maandishi hayo ya nukta sita na kuyachapisha mwaka 1829, alipofuka utotoni kwa ajali katika karakana ya baba yake. Alipokuwa mtu mzima alikuwa mpiga kinanda kanisani, mjini Paris. Hapo ndipo walipomketisha wenzake, kwenye kinanda.

Tuseme kidogo juu ya maneno, maana walimu wa Kiswahili huulizwa sana jambo hili. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: maneno haya yote yana kiambishi ki-, nacho ndicho kiambishi cha vitu. Wako wanaosema kwamba lugha yetu iliwatupa watu hawa pamoja na viti na vikombe, na kwa ajili hiyo yakaja maneno walemavu, kisha watu wenye ulemavu, ambayo ndiyo yaliyotumika katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sisi tunayatumia maneno hayo mapya kwa moyo mweupe, kwa kuwa wanaohusika wameomba yatumike. Lakini hoja ya kiambishi peke yake haitoshi. Kiongozi naye ana ki-, na kijana, na kinyozi, wala hakuna aliyewadharau kwa ajili hiyo; na katika sentensi tunasema kipofu amekuja, kama tusemavyo mtu amekuja. Tena viziwi wenyewe walipounda chama chao walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, hawakulionea haya jina lao. Mzee wetu wa vikapu naye alijiita kipofu mpaka alipofariki. Neno lililomkera lilikuwa lile la "subiri".

Katika Sikukuu ya Mavuno ya mwaka ule, alileta sadaka ya kikapu. Kwetu sadaka za mavuno hupelekwa mbele ya madhabahu, na baada ya ibada hufanyiwa mnada uwanjani: mtama, karanga, mayai, kuku waliofungwa miguu. Kikapu kiliponyanyuliwa, watu waliangaliana, kisha mmoja akataja bei kubwa kuliko ya jogoo. Wa pili akapandisha. Ilionekana wazi kwamba hakuna aliyekuwa anakitazama kikapu. Mzee akapaza sauti kutoka pale aliposimama: "Ndugu zangu, mimi nauza vikapu kila wiki mnadani, na bei yake mnaijua. Anayetaka kunihurumia aje nyumbani. Hapa nunueni kikapu." Watu walicheka mpaka kuku wakashtuka. Kikapu kiliuzwa kwa bei yake ya haki, na mama aliyekinunua alikikagua kwanza pande zote, akavuta mishikio kuona kama imekaza. Kukaguliwa kule, alituambia baadaye, ndiko kulikompendeza.

Kisha akaomba kuingia kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwa na wasiwasi, wala hatumlaumu. Kwaya ya siku hizi haisimami tu. Inacheza, inakwenda mbele na nyuma, inageuka pamoja. Tena atasomaje nyimbo? Jibu la swali la pili lilikuwa jepesi, kwa maana katika usharika mzima hapakuwa na mtu aliyezijua nyimbo kwa moyo kama yeye. Sisi wenye macho ndio tuliokuwa tukipotea ubeti wa tatu. Ama juu ya kucheza, walimweka katikati ya waimbaji wawili wa sauti ya nne, kiwiko chake kikigusa cha huyu na cha huyu, na baada ya mazoezi ya majuma machache hakuna aliyeweza kumtofautisha.

Hapa tunapenda kuongeza jambo ambalo hata sisi tulichelewa kulijua. Katika kitabu cha Tenzi za Rohoni, kinachotumiwa na madhehebu mengi nchini, zimo nyimbo zilizotungwa na Fanny Crosby, mwanamke wa Marekani aliyeishi kutoka mwaka 1820 hadi 1915. Alipoteza macho akiwa mtoto mchanga, akatunga maelfu ya nyimbo za dini. Kwa miaka yote ile, basi, usharika wetu ulikuwa ukiimba kwa machozi maneno ya mtu asiyeona, na wasioona wenyewe wako mlangoni wakisubiri sabuni.

Yule mama aliyepooza miguu alikuwa na shida nyingine. Alikuwa fundi cherehani hodari, akishona kwa cherehani ya mkono, na alikuja kanisani kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu. Kanisa letu lina ngazi tatu za saruji, zilizojengwa kwa nguvu za waumini wenyewe. Kila Jumapili vijana wanne walimbeba kutoka kwenye baiskeli mpaka kwenye benchi. Tuliwasifu vijana wale, na mchungaji aliwataja katika mahubiri, akiwalinganisha na watu wanne wa Kapernaumu waliotoboa dari na kumshusha mwenzao aliyepooza mbele ya Yesu. Siku moja katika kikao cha akina mama alisema kwamba yeye hapendi kubebwa. Mtu mzima, mwenye watoto, anashikwa kwapani na vijana wa umri wa wanawe mbele ya macho ya watu, na nguo yake inapanda. Na akitaka kutoka kwa haja yake hana budi kuomba mbele ya kusanyiko. Tena akauliza: wale wa Kapernaumu walivunja dari ya nyumba ya watu, hivi ninyi hamwezi kuvunja ngazi tatu za nyumba yenu wenyewe?

Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Ngazi za upande mmoja zilivunjwa, ukajengwa mteremko wa mawe na saruji, mrefu wa kutosha ili usiwe mkali. Gharama yake haikufika ile ya sikukuu moja ya usharika. Jambo lililotushangaza ni idadi ya waliokuwa wakiuhitaji mteremko ule bila kusema: vikongwe, wajawazito, vijana wanaobeba spika za kwaya. Mama yule sasa aliingia mwenyewe, akapita katikati ya kanisa, akaegesha baiskeli yake pembeni ya safu ya nne walikokaa marafiki zake. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mshika fedha wa akina mama. Sheria ya mwaka 2010 imemtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria njema, lakini haifiki kwenye kwaya wala kwenye kikao cha akina mama.

Kwa viziwi tulifanya vibaya zaidi, na jambo hili tunalieleza kwa ufupi kwa sababu hatulionei fahari. Palikuwa na binti kiziwi aliyelelewa na bibi yake. Ulipofika wakati wa mafundisho ya kipaimara, baraza la wazee lilijadili kama anaweza kupokelewa, maana hawezi kujibu maswali kwa sauti. Mmoja wetu alitaja maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi juu ya imani na kusikia. Bibi alikuwa ameketi nje akisubiri. Alipoitwa alisema, "Mbona mimi namwuliza na ananijibu?" Akamwuliza mbele yetu, kwa mikono, kwa ishara za nyumbani ambazo wawili hao walizitunga wenyewe jikoni na shambani, na binti akajibu akielekeza msalabani, kifuani na juu. Alipokelewa. Lakini baadaye alipopata nafasi katika shule ya viziwi alirudi na Lugha ya Alama, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake na msamiati wake, wala si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, na hapo bibi naye hakumwelewa tena. Tuliona bibi na mjukuu wake wakitazamana. Binti alijaribu kuwafundisha vijana watano baada ya ibada, wawili waliendelea. Hao wawili ndio waliomfasiria mahubiri kila likizo, wakisimama pembeni ya mimbari, na kuna mahubiri ambayo, tukitazama nyuso zao wakihangaika, tulitambua kwamba hayakuwa na maana hata kwa sisi tuliosikia.

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza. Miaka michache baadaye alihamia kijijini mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka sita, mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto huyo hakuweza kukaa bila kuegemezwa, na wimbo ukianza alipiga kelele za furaha, ambazo kwa asiyemjua zilifanana na kilio. Wimbo ukiisha, yeye hakuisha. Jumapili ya tatu mzee mmoja alimwendea mama yule katikati ya mahubiri, akamwomba kwa adabu akae nje chini ya mkuyu mpaka mtoto atulie. Hakuna aliyepinga. Tulikuwapo, nasi hatukupinga. Mahubiri kwa kweli yalikuwa hayasikiki. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Tulikwenda kwake, sisi na yule mama wa cherehani. Tulibisha hodi, tukamwamkia kwa Kigogo, akatukaribisha viti na kutuletea maji kama ilivyo desturi. Mtoto alikuwa amelala juu ya ngozi, kivulini. Tuliongea juu ya mvua na juu ya shamba, kisha tukamwambia usharika unamkumbuka.

"Asanteni, Mwalimu," alisema. "Lakini nikija ataimba tena. Akiimba, nani atatoka nje?"

Hatukuwa na jibu, na mama wa cherehani alitutazama akingoja tulitoe. Tulisema kwamba akiimba tutaongeza sauti. Alitabasamu kidogo, kama mtu anayepokea sabuni.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili yake alikuja akiwa amechelewa, mtoto mgongoni, akaketi kwenye benchi la mlangoni, ambalo kwa wakati ule lilikuwa halina mtu. Yule msusi wa vikapu alikuwa mbele kwenye kwaya. Wimbo ulipoanza mtoto alipaza sauti, na Mzee, ambaye hakuweza kuona inatoka wapi, aligeuza uso wake kuelekea mlangoni na kuendelea kuimba akiwa ameelekea huko, mpaka ubeti wa mwisho. Sisi tuliondoka katika viti vya wazee, tukaenda kuketi kwenye benchi lile.

Mfuko wa sadaka ulipofika kwetu, mama alimpa mtoto sarafu. Iliangukia sakafuni mara mbili kabla haijaingia.